Jinsi ya kupima mwendelezo wa gemu ya RPG ya Kijapani: mwongozo kamili kwa wachezaji wa Mwanza

Ukipita jioni kwenye mabanda ya gemu ya Mabatini, Igoma au Kirumba, utakuta gemu za mpira. Watu wanalipia mechi, aliyefungwa anaachia pedi, mwingine anakaa. RPG ya Kijapani, yaani gemu ya hadithi ndefu ambayo unawaongoza wahusika na kuwakuza, haichezwi hivyo. Inataka saa 40, saa 60, nyingine zinavuka 100, kwa hiyo mwenye kuipenda anaichezea nyumbani: kwenye PS2 ya zamani, kwenye laptop ya chuo kule Malimbe, au kwenye simu usiku. Na akitaka kununua gemu inayofuata kwenye mfululizo, anakusanya hela kidogo kidogo kwa muda mrefu. Ndiyo maana akikuuliza "hiyo mpya inafikia ile ya mwanzo?" anauliza kwa dhati. Ukimjibu "kali sana" au "wameiharibu", umemwacha pale pale alipokuwa.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kumjibu mtu huyo vizuri. Kanuni ninayoifuata ni moja: kila kitu kilichoondolewa kwenye gemu ya kwanza kilikuwa na kazi yake. Itafute kazi hiyo, kisha uangalie kwenye gemu mpya inafanywa na nini. Ukikuta kuna kitu kingine kinachoifanya, umepata badiliko. Ukikuta hakuna, umepata upungufu. Mengi ya hapa chini ni namna ya kuitumia kanuni hiyo bila kudanganywa na mapenzi yako kwa gemu ya zamani.

Mfano mkuu nitakaoutumia ni Final Fantasy X ya 2001 na Final Fantasy X-2 ya 2003. Nimezichagua kwa sababu X-2 ndiyo mara ya kwanza gemu ya mfululizo mkuu wa Final Fantasy kupewa mwendelezo wa moja kwa moja wa hadithi yake, zote mbili zilitoka kwenye PS2, na leo zinauzwa pamoja zikiwa zimesafishwa picha, kwa PS4, kompyuta na Switch. Nitagusa hadithi za zote mbili, pamoja na mwisho wa X. Kama hujaimaliza, imalize kwanza.

Hatua ya 1: Jua unapima mwendelezo wa aina gani

Namba kwenye jalada haisemi kila kitu. Final Fantasy IX na X zimefuatana kwa namba tu. Dunia ni tofauti, watu ni tofauti, hakuna unachohitaji kukikumbuka. Huo ni mwendelezo wa jina. X-2 ni mwendelezo wa hadithi: dunia ile ile ya Spira, miaka miwili baadaye, mhusika yule yule Yuna. Suikoden II ya 1998 nayo ni ya hadithi, ila imekwenda mbali zaidi: ukiwa na sevu (kumbukumbu ya ulipofikia) ya Suikoden ya 1995 uliyoimaliza, gemu ya pili inaisoma, na shujaa wako wa zamani anaweza kujiunga nawe kwa jina ulilompa mwenyewe.

Kuna aina nyingine mbili zinazowachanganya wanunuzi. Ya kwanza ni toleo lililopanuliwa, kama Persona 5 Royal iliyotoka Japani mwaka 2019: gemu ni ile ile ya 2016, imeongezwa wahusika na muhula mzima wa shule. Ya pili ni gemu iliyojengwa upya, kama Final Fantasy VII Remake ya 2020 na Rebirth ya 2024, ambazo zinachukua gemu moja ya 1997 na kuigawa sehemu kadhaa.

Kwa nini haya yatangulie? Kwa sababu kila aina ina deni lake. Mwendelezo wa jina unadaiwa roho ya mfululizo tu. Mwendelezo wa hadithi unadaiwa majibu kwa yaliyotokea. Toleo lililopanuliwa linadaiwa sababu ya kumfanya aliyekwisha kununua atoe hela tena. Ukimdai mtu deni la mwenzake, hukumu yako imeharibika kabla hujawasha mashine.

Hatua ya 2: Rudi kwenye gemu iliyotangulia, na uandike

Usitegemee kumbukumbu. Gemu uliyoicheza ukiwa kidato cha pili imeshachanganyika na likizo ile, na rafiki uliyekuwa unampokeza pedi. Irudie angalau saa chache: mwanzo, katikati, na pambano moja gumu la mwisho. Kisha chukua daftari, uandike mambo mawili kabla hujaigusa gemu mpya.

La kwanza ni maswali ambayo hadithi iliyaacha wazi. Kwa X niliandika: Tidus, mhusika mkuu, ametoweka, je, ndiyo basi? Dini ya Yevon imeonekana kuwa uongo, watu wataamini nini? Sin, zimwi kubwa lililokuwa likiangamiza miji, hayupo tena, wale ambao maisha yao yote yalikuwa kumwogopa watafanya nini?

La pili ni kazi za mfumo, na hapa uwe makini zaidi. Usiandike "mapigano mazuri". Andika kitu kinachofanya nini. Mfano wa mistari yangu: "Orodha ya zamu pembeni mwa skrini inanionyesha nani anafuata, kwa hiyo napanga hatua tatu mbele." "Naweza kubadilisha mtu katikati ya pambano, kwa hiyo wote saba wana faida." "Njia ni moja tu, haina kona, kwa hiyo nahisi uzito wa safari ya hija."

Mstari huo wa tatu unahitaji neno. Watu wengi wanalalamika kwamba X ni barabara iliyonyooka. Ni kweli, na barabara ile ina kazi: Yuna anakwenda kufa ili Sin ashindwe, kila mtu anajua isipokuwa Tidus, na mchezaji hapewi njia ya pembeni ya kukwepa. Usipokiona kitu hicho kwenye gemu ya kwanza, utaisifu gemu ya pili kwa kukiondoa bila kujua kimeondoka na nini.

Hatua ya 3: Saa za mwanzo, na mtu ambaye hajui lolote

Cheza saa tatu hadi tano za kwanza mkiwa wawili. Mmoja ni wewe unayeijua gemu ya zamani. Mwingine awe mdogo wako, jirani, yeyote ambaye hajawahi kuigusa. Mpe yeye pedi, wewe nyamaza.

X-2 inafunguka kwa tamasha la muziki kwenye uwanja wa Luca. Yuna, yule mtulivu wa maombi, yuko jukwaani anaimba na kucheza mbele ya umati. Dakika chache baadaye anatokea Yuna mwingine.

"Kaka, mbona Yuna wako wawili?"

"Endelea tu mdogo wangu, watakwambia."

Na kweli wanamwambia: mmoja ni mwizi aliyejigeuza. Kwa mgeni, hicho ni kichekesho cha kufungulia gemu, kinaeleweka na kinachangamsha. Kwa aliyemaliza X, ni mshtuko, na mshtuko wenyewe una maana: huyu binti aliishi maisha yake yote akijiandaa kufa, sasa ana miaka ambayo hakuitegemea. Andika majibu yote mawili. Mwendelezo unaowaeleza wageni kila kitu huwachosha wenyeji, na unaowahudumia wenyeji tu huwafungia wageni nje. X-2 kwenye hili imefaulu kwa mgeni wa mapigano, lakini kwa mgeni wa hadithi imefaulu nusu, kwa kuwa maumivu ya Yuna yanadokezwa tu kwa muda mrefu na mtu asiyemjua Tidus hana pa kushika.

Hatua ya 4: Mapigano

Hapa ndipo kanuni ya kazi inapolipa zaidi, na hapa ndipo mabishano yanapokuwa makali. Kabla hujasema "hii siyo Final Fantasy tena", kumbuka mfululizo wenyewe. Gemu ya kwanza ilitoka 1987. Ya pili, 1988, tayari ilishaondoa levo za kawaida. Mhusika alikua kwa kadiri alivyotumia silaha au uchawi. Ya nne, 1991, ilileta kipimo cha muda kinachojaa ndipo upate zamu, huku adui naye akiendelea. Final Fantasy XVI ya 2023 ni mapigano ya papo kwa papo kabisa. Kubadilisha mapigano ndiyo desturi ya ukoo huu. Dragon Quest, iliyoanza 1986 chini ya Yuji Horii, ina desturi ya kinyume: Dragon Quest XI ya 2017 bado unachagua amri kwenye menyu kwa zamu, na mtu aliyecheza zile za zamani anakaa na kujua la kufanya. Kila mfululizo upimwe kwa desturi yake. Anayekwenda Bujora wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, huona makundi ya Wagika na Wagalu wakishindana: ngoma ni ya kale, lakini kila kundi linatafuta jipya la kuwavuta watu, na watazamaji hupima yote mawili kwa pamoja.

Sasa chukua daftari la hatua ya 2 na uweke mistari miwili kwenye mizani.

Kubadilisha watu. X ina wahusika saba: adui anayeruka unamwita Wakka na mpira wake, mwenye gamba gumu unamwita Auron, wa majimaji unamwita Lulu na uchawi. X-2 ina wahusika watatu tu: Yuna, Rikku na Paine. Ukiishia hapo utasema wamepunguza. Lakini kila mmoja wa hao watatu anabadilisha vazi katikati ya pambano, na vazi linambadilishia kazi: sasa hivi ni mpiga bastola, sekunde chache baadaye ni mchawi, kisha mganga. Kazi ile ile ya kumleta anayefaa kwa adui aliyepo imebaki, inafanywa na nguo badala ya watu. Tena imeongezewa bei: kubadilisha vazi kunakula muda wako wakati adui anaendelea kupiga. Hilo naliita badiliko, na ni badiliko zuri sana. Bado naona ni kati ya mifumo bora ya mapigano kwenye mfululizo mzima.

Kupanga hatua mbele. Orodha ya zamu imeondoka. Kipimo cha muda kimerudi, na wahusika wako wakipiga kwa kufuatana haraka, madhara kwa adui yanaongezeka. Je, utulivu wa kufikiri umepata mbadala? Kwa sehemu tu. Kuna mpangilio wa kusubiri unaosimamisha muda ukiwa ndani ya menyu ya uchawi au vitu, na nakushauri uuwashe kama unatoka X moja kwa moja. Lakini ile raha ya kuona zamu nne zijazo na kumzuia bosi, yaani adui mkubwa, kabla hajafika haipo. Huo ni upungufu kwa mtu wa X, uandike hivyo, bila kuuita kosa.

Usihukumu mapigano kwa bosi mmoja. Pima matatu: pambano la kawaida njiani, bosi wa katikati, na pambano la kawaida karibu na mwisho. La tatu ndilo linalosema ukweli. Kama katika saa ya 35 bado unabonyeza kitufe kile kile ulichobonyeza saa ya 2, mfumo umekwisha mafuta hata kama mabosi wanang'aa.

Hatua ya 5: Matokeo ya yaliyotokea

Huu ndio moyo wa mwendelezo wa hadithi. Chagua mahali pamoja palipoumizwa kwenye gemu ya kwanza, uende ukapaone kwenye ya pili. Mimi nachagua Kilika.

Kwenye X, kijiji hiki cha nyumba zilizojengwa juu ya maji kinapigwa na Sin, na kundi la Yuna linafika kwa meli na kukuta mbao zinaelea. Jua linazama. Yuna anavua viatu, anatembea juu ya maji, anacheza ngoma ya kuwasindikiza wafu ambao wamelazwa chini yake, na maji yanapanda naye. Watu ukingoni wanalia. Sijui mtu wa Mwanza anayeweza kuliangalia tukio hilo kama katuni. Mwanza ni mji uliopokea miili ya waliozama na meli ya MV Bukoba Mei 1996. Makaburi yako Igoma mpaka leo, na kuna familia ambazo hazikupata wa kumzika. Kwa hiyo ninapofika Kilika kwenye X-2 ninataka kujua kitu kimoja: gemu inakumbuka?

Jibu lake limenifanya niiheshimu. Bandari imejengwa upya, mbao ni mpya, watoto wapo. Na wale walionusurika pamoja sasa wamegawanyika makundi mawili, wafuasi wa New Yevon na vijana wa Youth League, mpaka Dona na Barthello, waliotembea hija pamoja kwenye X, wako pande tofauti. Gemu haikuwafanya watu wema milele kwa sababu waliteseka. Imeonyesha kwamba hofu iliyowaunganisha ikiondoka, tofauti zao zinajitokeza. Hilo linajibu swali langu la tatu kwenye daftari bila hotuba.

Fanya hivyo kwa mahali pawili au patatu. Uliza: nani amezeeka, nani ameoa, nani amepoteza cheo, bei zimebadilika, nyimbo za mahali zimebadilika? Mwendelezo dhaifu utakuonyesha watu wale wale wamesimama pale pale, wanakusalimia kwa mzaha wa gemu ya kwanza. Na angalia mwisho mkubwa wa gemu ya kwanza unaheshimiwa au unafutwa. X-2 inaruhusu Tidus arudi, lakini kwa mchezaji aliyefanya kazi ya ziada. Wapo wanaoona hilo linaibomoa X. Mimi naona limewekwa nyuma ya mlango ambao asiyetaka hataufungua.

Hatua ya 6: Maeneo ya zamani, na urefu

Kutumia ramani za zamani ni kubana gharama, sawa, ila linalopimwa ni kama umepewa sababu ya kurudi. X-2 inakupa ndege ya Celsius mapema, unakwenda karibu kokote, na sura tano zinakurudisha mahali pale pale kwa mambo mapya. Kwa Kilika na Besaid inafanya kazi. Baadhi ya mahali pengine kwenye sura ya tatu nilirudi kwa mchezo mdogo tu wa kukamata wanyama, na hapo urefu ni wa kujaza.

Kuna kosa la kweli hapa, na nalitaja kama kosa. Gemu inakuonyesha asilimia ya ulichokamilisha, na mwisho kamili unataka 100. Lakini mazungumzo mafupi uliyoyapita sura ya kwanza yanaweza kukugharimu, na gemu haikuambii umekosa wapi. Inakupa lengo, inaficha njia. Kuanza upya ukiwa umebeba asilimia zako kunapunguza maumivu, lakini anayecheza kwa saa mbili za usiku baada ya kazi hana nafasi ya kuanza tena.

Tofauti hii izingatie unapoandika: nisichokipenda ni ladha yangu, na gemu inayovunja sheria iliyoiweka yenyewe ina kosa. Viandike kwenye aya tofauti.

Hatua ya 7: Muziki

Kwa ufupi. Sikiliza kama nyimbo kuu za zamani zimerudi, na zimerudi mahali panapostahili. X ilikuwa na Nobuo Uematsu akisaidiwa na Junya Nakano na Masashi Hamauzu; X-2 haina Uematsu, waliotunga ni Noriko Matsueda na Takahito Eguchi, na sauti imegeuka kuwa ya mjini, yenye besi na tarumbeta. Inamfaa Yuna mpya. Wimbo wa mazishi ya Kilika nilioutafuta sikuupata, na niliukosa.

Hatua ya 8: Umechezea nini?

Taja mashine na toleo, kwa sababu hukumu yako inategemea hapo. Toleo la kompyuta la X na X-2 la 2016 lina vitufe vya kuongeza kasi na kuzima mapigano ya ghafla. Ukivitumia, hujui tena gemu ina ugumu gani wala inachosha kiasi gani. Vitumie kurudia, usivitumie mara ya kwanza. Anayechezea simu aseme kioo ni kikubwa kiasi gani na kama maandishi yanasomeka, maana RPG ni kusoma. Na kwa wenzangu wa PS2: memori kadi isiyo na nafasi na umeme unaokatika saa mbili usiku vimeua sevu nyingi. Kila ukirudi kwenye Celsius, sevu. Weka sevu mbili zinazopokezana, usiandike juu ya ile ile kila mara. Ugumu unaotokana na kupoteza saa tatu za kazi usiuhesabu kwenye deni la gemu.

Hatua ya 9: Andika hukumu

Anza na mambo ambayo mnunuzi anayahitaji: ni mwendelezo wa aina gani, lazima acheze ya kwanza au la, saa ngapi, umefika wapi wewe. Kama hukumaliza, sema umeishia sura ipi. Kisha mabadiliko makubwa mawili au matatu tu, kila moja na kazi yake. Kisha makosa. Siri za hadithi ziwe mwisho, chini ya onyo. Namba ya kumi kwa kumi si lazima. Mimi siiweki, kwa sababu msomaji akiiona hasomi sababu.

Hii hapa ndiyo ningempa mtu wa Nyegezi anayeniuliza leo kuhusu X-2:

"Ni mwendelezo wa hadithi, miaka miwili baada ya X. Usiinunue kabla ya X. Mapigano utayaelewa, Yuna hutamwelewa. Nimemaliza sura zote tano kwenye PS2 bila kufika asilimia 100. Mapigano ni ya haraka na kubadilisha mavazi kumefanya kazi ya wahusika saba kwa watatu. Kama ulipenda kupanga kwa utulivu, washa mpangilio wa kusubiri na ujue bado utakosa kitu. Spira imebadilika kwa namna inayoaminika, Kilika hasa. Sura ya tatu ina kujaza. Mwisho kamili unataka mwongozo pembeni au marudio ya pili. Zote mbili zinauzwa pamoja, kwa hiyo ukinunua X umeshaipata. Ukimaliza X pumzika wiki mbili tatu kabla ya kuianza, ule mwisho ukae kwanza."